Paka si wa Maziwa, Mbwa si wa Mifupa

Huku Pwani ni shida kuipata nyumba isiyo na paka, na hata ile isiyo na paka wake mwenyewe ina paka wa jirani. Wahenga walisema paka wa nyumba haingwa. Ukipita Lamu asubuhi wakati samaki wanapopasuliwa kando ya bahari, au Mji wa Kale wa Mombasa baada ya chakula cha mchana, utaona kwamba usemi huo ungali na nguvu. Lakini kumwacha paka akae ni jambo moja, na kumlisha ni jambo jengine. Katika hili la pili wengi wetu twafuata mazoea tu, na baadhi ya mazoea hayo yamdhuru mnyama ambaye twadhani twamtendea wema.

Tuanze na lile lisemwalo sana, kwamba paka akishibishwa hakamati panya. Kwa ajili ya imani hii kuna maduka na maghala ambamo paka hunyimwa chakula makusudi, ati njaa imtie bidii. Paka hawindi kwa kuwa tumbo li tupu. Panya hana saa maalumu ya kupita, na mnyama angojaye mpaka ashikwe na njaa ndipo aanze kuvizia atalala na njaa yake. Ndiyo maana katika maumbile ya paka kuwinda na kula ni mambo mawili mbalimbali. Katika majaribio yaliyochapishwa mwaka wa 1976, mtafiti Robert Adamec aliwawekea paka chakula wakipendacho, na walipokuwa wakila akawaletea panya. Waliacha kula, wakamwua panya, wakamleta hadi penye chakula, kisha wakaendelea na kile chakula chao cha mwanzo. Paka mwenye njaa kali hatulii ghalani. Huenda jalalani, au jikoni kwa jirani akafunua sufuria. Binafsi naona wengi wa paka tunaowaita wezi wamefunzwa wizi na wenye nyumba zao.

Kwa Mwislamu jambo hili si la panya peke yake. Bukhari na Muslim wameipokea kutoka kwa Abdullah bin Umar habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Alimfungia, hakumpa chakula wala maji, wala hakumwacha atoke ajitafutie wadudu wa ardhini. Mwenye kumfungia paka ghalani usiku kucha kwa njaa na aisome habari hiyo tena. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu Pwani, walilitia jambo la wanyama katika mlango wa masurufu, baada ya mke, watoto na wazazi. Mnyama aliye mkononi mwako, chakula chake na maji yake ni juu yako.

Sasa, chakula gani? Mtoto yeyote ukimwuliza atakwambia ni maziwa. Kweli mtoto wa paka hunyonya, lakini akisha kuachishwa tumbo lake hupungukiwa na kile kisagacho sukari ya maziwa. Paka wengi wazima wakinywa maziwa ya ng'ombe huharisha, na mwenye nyumba hudhani wamekula kitu kibaya nje. Akiyapenda si dalili kwamba yamfaa. Na wala si utamu wake anaoufuata, kwani mwaka wa 2005 wataalamu wa Philadelphia walionyesha kwamba paka hana kabisa uwezo wa kuonja sukari. Ukimwona akilamba halua, basi jua ameifuata samli.

Kinywaji chake ni maji, na kwa joto letu hili yafaa yawekwe kila siku. Kama kuna mtu amwogopaye paka kwa najisi, na akumbuke ile habari iliyo katika Abu Dawud na Tirmidhi. Abu Qatada alikuwa na maji yake ya kutawadhia. Paka akaja, naye akamwinamishia chombo anywe. Mke wa mwanawe alipomkazia macho kwa kustaajabu, alimweleza kwamba Mtume (S.A.W.) alisema paka si najisi, bali ni katika wale watuzungukao majumbani.

Kosa kubwa zaidi kuliko maziwa ni wali. Paka ni mla nyama kwa kila kiungo chake. Hawezi kuipata vitamini A kutoka katika karoti au mboga kama sisi, wala mwili wake hauwezi kujitengenezea vya kutosha ile dawa ya asili iitwayo taurini, ambayo imo katika nyama na samaki wala haimo katika nafaka. Mwaka wa 1975 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba paka aikosaye huharibika macho. Na mwaka wa 1987 ikabainika kwamba moyo wake pia hulegea na kutanuka mpaka akafa. Wali uliorowekwa kwa supu hujaza tumbo, lakini paka alishwaye huo tu hudhoofika polepole, na watu wakasema amerogwa au amezeeka.

Ukimpikia samaki au nyama, mpe na yale maji yaliyopikiwa, maana sehemu ya taurini hutoka ikaingia humo. Lakini yatenge kabla hujakaanga vitunguu. Hapa ndipo jikoni kwetu palipo na hatari, kwa kuwa hapana mchuzi wala pilau isiyoanza na vitunguu maji na vitunguu saumu. Vyote viwili, vibichi au vilivyopikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya paka na ya mbwa, na paka ndiye adhurikaye upesi. Madhara huonekana siku kadhaa baadaye, kwa hiyo hapana anayekumbuka lile sinia la makombo. Zabibu za biriani nazo zaweza kumharibu mbwa figo.

Ama samaki, paka amfaa, ila si kila samaki na si kila siku mbichi. Baadhi ya samaki wabichi wana kitu kivunjacho vitamini B1, na paka asiyekula kingine akaishia kupepesuka na kutetemeka. Kupika huondoa tatizo hilo. Lakini kupika hakuondoi sumu ya bunju, yule samaki ajijazaye akawa kama mpira. Wavuvi humtupa ufuoni, na maini yake na ngozi yake vyatosha kumwua paka, mbwa, na hata mtu. Heri azikwe au arudishwe majini.

Mbwa twamsahau, kwa kuwa hakai nasi ndani. Hata hivyo sheria imeruhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba, na katika mashamba ya Kilifi na Kwale hapana mahindi yaliyosalimika na nyani bila yeye. Wako wadhanio kwamba, maadamu mate yake ni najisi, kumlisha hakuna thawabu. Hukumu ya najisi ni ya kuosha, mara saba na moja kwa udongo, haikutaja njaa. Yule mtu aliyeshuka kisimani akajaza maji kiatu chake kwa ajili ya mbwa mwenye kiu alisamehewa madhambi yake.

Tena wapo wampao mbwa wa ulinzi pilipili au nyama mbichi ili awe mkali. Ukali hautoki tumboni. Pilipili humchoma utumbo tu, na kichaa cha mbwa huletwa na mate ya mnyama mgonjwa, hakiletwi na nyama. Kinga yake ni chanjo. Tofauti na paka, mbwa aweza kusaga ugali, na watafiti wa Uppsala, Sweden, walieleza mwaka wa 2013 jinsi alivyotofautiana na mbwa mwitu kwa hilo kutokana na kuishi na wakulima. Ugali wenye dagaa waliopikwa si chakula kibaya kwake. Mifupa ya kuku iliyopikwa ndiyo mibaya: huvunjika vipande vyenye ncha vikamtoboa matumbo.

La mwisho lahusu Idd ya kuchinja. Baadhi ya mbuzi na kondoo hukutwa na malengelenge ya maji katika maini na mapafu. Mchinjaji huyatupa, na mbwa huyala. Ndani ya mbwa hugeuka tegu wadogo wa milimita chache, mayai yake hutoka na kinyesi, na mtoto achezaye pale huyameza kwa mikono michafu. Baada ya miaka yeye naye huota uvimbe wa maji katika ini. Turkana, ugonjwa huu ulikuwa mwingi hata shirika la AMREF likaanzisha mpango wa kuupiga vita huko mwaka wa 1983. Maini na mapafu ya namna hiyo yachomwe moto, au yafukiwe kwenye shimo refu lenye mawe juu, mbwa asiweze kulifukua.