Roketi za Shaba: mukataba uliopita juu ya vichwa vyetu

Sisi wachimba madini tukipita Lwiro, katika teritware ya Kabare, tunaangalia kile kituo kikubwa cha utafiti, kilichoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1947. Vijana wanatuuliza: siye Wakongo tutarusha satelite siku gani? Wanashangaa tukiwajibia kwamba roketi zilisharuka mu inchi yetu, tangu 1977.

Kampuni ya Wajerumani, OTRAG, ya enjenieri Lutz Kayser, ilitaka kufanya biashara: kupandisha satelite za wateja kwa bei ndogo. Roketi yao haikuwa na mambo mengi. Walichukua mabomba membamba, yote namna moja, wakayafunga pamoja sawa vile mama anafunga kuni. Ukitaka nguvu zaidi, unaongeza mabomba.

Mobutu akawapa eneo kaskazini ya Shaba, karibu na mto Luvua: kilometa za mraba kama 100,000, mpaka mwaka 2000. Kivu ya Kusini yetu yote ni kama 65,000 tu! Tena mukataba uliruhusu wenyeji wahamishwe kama kampuni inaomba. Wenye mashamba hawakuketishwa kwenye meza.

Tarehe 17 Mei 1977 roketi ya kwanza ilipanda. Ya pili, tarehe 20 Mei 1978. Ya tatu, tarehe 5 Juni 1978, Mobutu mwenyewe akiangalia, ilipinda njia na kuanguka. Hakuna hata moja iliyopeleka satelite. Mataifa makubwa yakapiga kelele, na mwaka 1979 Mobutu akavunja mukataba. Kampuni ikahamia Libya.

Hatulilii roketi. Mutoto wa kwetu akisoma na kurusha yake, tutapiga makofi. Tunalilia namna ya kusaini. Hata leo, satelite za wengine zinapiga picha milima yetu, na makaratasi ya udongo wetu yanasainiwa mbali, mwenye shamba anakuja kusikia wakati mashine zimeshafika.

Lakini siku hizi tuko na silaha. Sheria ya madini ya 2018 inalazimisha kampuni iandikiane na wenyeji "cahier des charges": barabara, maji, masomo, hospitali. Ndugu, muiombe. Musomewe kwa luga munayosikia, mbele ya kutia kidole. Karatasi iliyosainiwa gizani, hata ikipanda juu namna gani, itawaangukia nyinyi.