Zuio, Hukumu na Rai: Namna ya Kuzifahamu Habari za Mahakama za Marekani

 

Ndugu msomaji, tangu mwaka 2017 maimamu wetu wamekuwa wakiulizwa, mara nyingi pale pale mlangoni baada ya swala ya Ijumaa, suali ambalo halimo katika vitabu tulivyovisoma: "Sheikh, nimesikia mahakama ya Marekani imeifuta amri ya Rais, ni kweli?" Baada ya wiki mbili ndugu yule yule anarudi: "Sheikh, sasa wanasema mahakama imeipitisha." Wapo waliokwisha kuipandisha mimbarini habari ya kwanza, na ya pili hawakuirudia. Mwenye mama yake Mogadishu au mke wake Sanaa hawezi kuzichukulia habari hizi kama matokeo ya mpira. Kwake ni viza, ni tiketi, na pengine ni miaka ya kungoja.

Suratul Hujurat, aya ya 6, imetuamrisha kuhakikisha habari kabla ya kuchukua hatua. Lakini mtu atahakikisha vipi jambo ambalo hata istilahi zake hazifahamu? Habari mbili zinazoonekana kupingana huwa aghlabu ni za kweli zote mbili, ila moja ni ya zuio na nyingine ni ya hukumu. Au moja ni ya mahakama ya chini na nyingine ni ya juu. Na mwanafunzi wa fiqhi ana nyenzo za kulifahamu jambo hili kuliko anavyodhani.

Kwanza tuondoe tatizo la jina. Magazeti yetu huandika "Mahakama Kuu ya Marekani" kwa kila mahakama iliyotoa uamuzi mkubwa, ilhali kwetu Tanzania Mahakama Kuu iko chini ya Mahakama ya Rufani. Marekani ina mahakama za shirikisho za ngazi tatu. Chini ziko mahakama za wilaya, 94 kwa idadi, ambako jaji mmoja husikiliza shauri. Juu yake ziko mahakama za rufaa 13, ambako kwa kawaida huketi majaji watatu. Kisha iko Mahakama ya Juu, ya majaji tisa, wanaoteuliwa na Rais na kuthibitishwa na Seneti, na ambao hukaa kitini mpaka wafe, wajiuzulu au waondolewe na Bunge. Mahakama hii hupokea maelfu ya maombi kwa mwaka na husikiliza chini ya mia moja. Ili shauri lipokelewe wanatakiwa majaji wanne kati ya tisa wakubali kulisikiliza. Kwa hiyo ukisoma kuwa Mahakama ya Juu "imekataa" shauri fulani, usifahamu kuwa imemhukumu mtu. Imekataa kulisikiliza tu, na uamuzi wa chini unabaki ulivyo.

Sasa tuchukue mfano mmoja na tuufuate tangu mwanzo, kwani umewagusa Waislamu moja kwa moja.

Desemba 2015 Donald Trump, akiwa mgombea, alitaka Waislamu wazuiwe kabisa kuingia Marekani. Tarehe 27 Januari 2017, akiwa Rais kwa wiki moja, alitia saini amri iliyosimamisha kwa siku 90 kuingia kwa raia wa nchi saba: Iran, Iraq, Libya, Somalia, Sudan, Syria na Yemen. Amri ilianza kazi saa ile ile. Watu walikuwa angani na viza halali mifukoni, wakashuka na kukamatwa uwanjani. Kesho yake jaji wa Brooklyn akazuia wasirudishwe. Tarehe 3 Februari jaji James Robart wa Seattle akaisimamisha amri nchi nzima, na tarehe 9 majaji watatu wa rufaa wakakataa kuliondoa zuio lake. Hapo ndipo dunia ilipoandika kuwa amri "imefutwa".

Haikufutwa. Ilizuiwa, na tofauti hii ndiyo roho ya mada yetu. Katika madhehebu ya Imam Shafi (r.a.) kuna mas-ala mashuhuri: mashahidi wawili wamesimama mbele ya kadhi wakashuhudia kuwa fulani amemwacha mkewe talaka tatu, na kadhi bado hajathibitisha uadilifu wao. Hawezi kuhukumu kuwa talaka imepita, na hawezi kuwaacha mume na mke wakae pamoja. Basi huwatenganisha mpaka tazkiya ya mashahidi ikamilike. Mafakihi wameiita hailula. Mtu akitoka barazani akatangaza mjini kuwa kadhi amepitisha talaka, amesema uongo, hata kama kweli alimwona mke akiondoka. Zuio la jaji wa Marekani ni la jinsi hii. Jaji hutazama kama mdai anaelekea kushinda, na kama atapata madhara yasiyolipika akiachwa angoje, kisha huzuia. Shauri la msingi bado.

Serikali haikungoja. Tarehe 6 Machi 2017 ilitoa amri ya pili, Iraq ikiwa imetolewa, na tarehe 15 jaji Derrick Watson wa Hawaii akaizuia. Miongoni mwa wadai alikuwamo imamu wa msikiti wa Honolulu, ambaye mama mkwe wake ni Msyria na alitaka kuja kuwatembelea. Tarehe 26 Juni Mahakama ya Juu ikapunguza zuio: mwenye jamaa wa karibu au uhusiano wa kweli na taasisi ya Marekani aingie, asiye na hivyo azuiwe. Septemba likaja tangazo la tatu, safari hii bila kikomo cha siku, lenye Chad, Iran, Libya, Somalia, Syria na Yemen, pamoja na Korea Kaskazini na maafisa fulani wa Venezuela. Likazuiwa tena Hawaii. Tarehe 4 Desemba Mahakama ya Juu ikaruhusu lifanye kazi lote wakati rufaa ikiendelea. Kwa hiyo katika miezi kumi na moja msomaji wa magazeti alisoma "yazuiwa" na "yaruhusiwa" mara kadhaa, na kila mara ilikuwa kweli kwa amri ile, na kwa siku ile.

Tarehe 26 Juni 2018 ukatoka uamuzi wa shauri la Trump dhidi ya Hawaii: majaji watano kwa wanne, upande wa Rais. Jaji Mkuu John Roberts ndiye aliyeuandika.

Hapa naomba msomaji asimame kidogo, kwani suali lililokuwa mbele ya majaji linajulikana katika kila darasa la usuli: hukumu hujengwa juu ya dhahiri au juu ya nia? Wadai walisema kuwa Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, ya mwaka 1791, yanaikataza serikali kuipendelea au kuidhulumu dini, na kuwa Rais ameitamka nia yake mwenyewe hadharani. Serikali ikasema tazameni maandishi ya tangazo: halikutaja dini, linataja nchi ambazo taarifa zake za pasi na usalama hazitoshi; na sheria ya uhamiaji ya mwaka 1952 inampa Rais uwezo wa kuzuia kundi lolote la wageni akiona kuingia kwao kuna madhara. Roberts hakukana kuwa maneno yalisemwa. Alisema kuwa katika mambo ya mipaka na usalama mahakama hutazama tu kama ipo sababu ya maana, isiyokuwa chuki, inayoweza kuibeba amri. Na akaiona ipo. Aliongeza kuwa nchi zile za Waislamu zina asilimia 8 tu ya Waislamu wa dunia.

Msomaji wetu asikimbilie kusema kuwa kuhukumu kwa dhahiri ni hila za wanasheria wa Magharibi. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Ummu Salama (r.a.) kuwa Mtume (s.a.w.) aliwaeleza wagombanao kuwa yeye ni binadamu, anahukumu kwa anavyosikia, na huenda mmoja wao akawa mjuzi zaidi wa kueleza hoja, basi atakayepewa haki ya nduguye kwa njia hiyo asiichukue. Na Usama bin Zaid (r.a.) alikemewa vikali kwa kumuua mtu aliyetamka shahada, akidai aliitamka kwa hofu ya silaha tu. Dhahiri ni kinga ya watu. Lakini mafakihi hao hao wamesema kuwa qarina, yaani dalili zinazolizunguka tendo, huweza kuigeuza dhahiri. Mgonjwa wa maradhi ya mauti anayemwacha mke wake, tamko lake ni talaka, lakini wanazuoni wengi walimrithisha mke kwa kutazama nia ya kumnyima, kama Uthman (r.a.) alivyomrithisha mke wa Abdurrahman bin Auf, ingawa kauli ya mwisho ya Imam Shafi ni kuwa harithi. Basi khilafu iliyowagawa majaji watano na wanne si ngeni kwetu. Mimi naona kuwa qarina ya mtu aliyeitangaza nia yake mbele ya kamera, kabla ya kupata mamlaka, ni nzito kuliko jaji mkuu yule alivyoipima.

Hata hivyo, anayetoa hitimisho kuwa mahakama ile inawahukumu Waislamu kwa kuwa ni Waislamu, ajiulize kuhusu mwaka 2015. Januari mwaka huo majaji wote tisa walimpa haki mfungwa Mwislamu wa Arkansas aliyenyimwa ruhusa ya kufuga ndevu za nusu inchi. Juni majaji wanane kati ya tisa walikuwa upande wa msichana wa Oklahoma aliyenyimwa kazi ya duka kwa sababu ya hijabu. Kilichobadilika ni dalili. Kwa wafungwa ipo sheria ya Bunge ya mwaka 2000 inayomtaka mkuu wa gereza athibitishe dharura ya kweli kabla ya kuibana ibada. Kwa mgeni aliye nje ya mpaka, sheria imempa Rais uwanja mpana. Mahakama ile ile, dalili tofauti, jawabu tofauti.

Sasa tuje kwenye kosa ambalo hata wanafunzi wetu hodari hulifanya. Tarehe 20 Januari 2021 Rais Joe Biden aliyafuta matangazo yale kwa saini yake, na wengi wakasema mambo yamekwisha. Amri ilikwisha, hukumu haikwisha. Kwetu sisi hukumu ya kadhi huwabana waliogombana mbele yake, na haimlazimishi kadhi mwingine katika shauri jengine. Umar (r.a.) alihukumu namna moja katika mirathi ya ndugu wa mama na ndugu khalisa, kisha mwaka mwingine akahukumu vingine, na hukumu zote mbili zikabaki, kwani ijtihadi haitanguliwi na ijtihadi. Marekani sivyo. Hoja ya Mahakama ya Juu huwa ni kamba kwa kila jaji wa chini, katika kila shauri linalofanana nalo, mpaka Mahakama yenyewe iikate. Hivyo Trump aliporudi madarakani na kutoa tangazo la tarehe 4 Juni 2025, likizuia raia wa nchi 12, zikiwemo Somalia, Sudan, Yemen, Libya, Iran na Afghanistan, na kuwabana kwa sehemu raia wa nchi 7, Burundi ikiwemo, alisimama juu ya uwezo ambao Mahakama ilikwisha kuukubali mwaka 2018. Waandishi wake walikuwa wamejifunza: safari hii viza zilizokwisha kutolewa hazikufutwa, na siku tano zilipita kabla ya kuanza. Desemba 2025 likaja tangazo jengine lililoongeza nchi nyingi, na Tanzania ikawemo katika zilizobanwa kwa sehemu, kuanzia tarehe 1 Januari 2026.

Na zuio lenyewe limebadilika sura. Tarehe 27 Juni 2025, katika shauri lililotokana na amri ya kuwanyima uraia baadhi ya watoto wanaozaliwa Marekani, majaji sita kwa watatu walisema kuwa jaji wa wilaya hana uwezo wa kutoa zuio la nchi nzima kwa faida ya wasiokuwa wadai. Amlinde aliye mbele yake. Magazeti mengi yakaandika kuwa Mahakama imeikubali amri ya uraia. Haikugusa asili ya amri siku ile. Na tarehe 10 Julai jaji wa New Hampshire aliizuia tena kwa njia nyingine, kwa kuwakusanya watoto wote wahusika kuwa kundi moja la wadai. Kwa hiyo anayekuja kuuliza sasa hatoshelezwi kwa kujua kuwa jaji amezuia. Aulizwe: amezuia kwa ajili ya nani? Wewe umo?

Limebaki jambo la rai za waliopinga. Majaji wachache huandika hoja zao, na maneno yao huwa makali, yenye kunukuliwa sana. Vijana huyasambaza kama kwamba ndiyo hukumu. Hayo ni kama kauli ya mwanachuoni iliyo nje ya mu'utamad: ina elimu, haina amri. Mwaka 2018 Jaji Sonia Sotomayor, akiungwa mkono na Ruth Bader Ginsburg, aliyakusanya maneno ya Trump juu ya Waislamu moja baada ya jengine, na akailinganisha hukumu ile na ya Korematsu ya mwaka 1944, iliyohalalisha kuhamishwa kwa nguvu kwa Wamarekani wenye asili ya Japani wakati wa vita. Roberts alijibu kwa kutangaza kuwa hukumu ya Korematsu ilikuwa batili tangu siku ilipotolewa. Majaji watatu walikuwa wamelisema hilo mwaka ule ule wa 1944, katika rai zao za kupinga, na zilipita miaka 74 kabla ya wengi kulikiri. Rai ya Sotomayor haimlazimishi afisa yeyote wa ubalozi kumpa mtu viza. Imechapwa katika kitabu kimoja na hukumu, na wanafunzi wa sheria wanazisoma pamoja.