Pointi za michezo ya simu si fedha

Ndugu msikilizaji, wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Usemi huo ndio unaowafanya vijana wetu wengi wa mijini, na hata baadhi ya watu wazima, wainamie simu zao saa nyingi kwa siku, ndani ya daladala, vijiweni na hata kazini. Wanacheza michezo inayotoa pointi, nao wameahidiwa kwamba pointi hizo zitageuka fedha. Ahadi hiyo si lazima iwe ya uongo. Lakini kabla ya kuanza kujaza kibaba, ni busara kuuliza kibaba chenyewe kina ukubwa gani, na mwenye nacho ni nani.

Kwanza tujiulize fedha hizo zinatoka wapi. Kampuni iliyotengeneza mchezo inatafuta wachezaji. Hivyo humlipa mwenye programu ya pointi kila anapopatikana mtu wa kuweka mchezo huo katika simu yake, au wa kufika hatua fulani ya mchezo. Mwenye programu huchukua fungu lake, na kinachobaki humpa mchezaji kwa jina la pointi. Kwa maneno mengine, kinachouzwa hapo ni muda na macho ya mchezaji. Na bei yake si moja kila mahali. Mchezaji wa Marekani au Uingereza, ambaye wenye matangazo wanatarajia atanunua vitu, hulipiwa zaidi kuliko mwenzake wa Dar es Salaam au Mombasa.

Pili, kwa nini zitajwe pointi badala ya senti? Zipo programu zinazosema wazi. Swagbucks ya Marekani, kwa mfano, huhesabu pointi moja kuwa senti moja ya dola. Lakini nyingi hupenda tarakimu kubwa, kwani mtu akiambiwa amepata pointi 200 hufurahi kuliko akiambiwa amepata senti 10.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme programu inatoa kadi ya zawadi ya dola 5 kwa pointi 10,000. Hapo pointi 20 ni senti moja. Tuseme tena kwamba saa moja ya kucheza inaleta pointi 200. Hizo ni senti 10, yaani kama shilingi 250 za Tanzania tukikadiria dola kwa shilingi 2,500. Ili kuifikia kadi hiyo, mchezaji atahitaji saa 50. Katika shilingi 250 za kila saa, atoe gharama ya bando na ya kuchaji simu, kisha aangalie kilichobaki. Asisahau pia kwamba pointi za mwanzo huja haraka ili kumvuta, na za baadaye huja kwa kusuasua. Akichoka akiwa na pointi 9,000, hana dola nne na nusu. Hana kitu, kwa sababu hajafikia kima cha chini cha kulipwa.

Tatu, na hili ndilo la msingi, thamani ya pointi haipangwi na mchezaji. Mwaka 2024 mamilioni ya watu duniani, wakiwamo wa Afrika Mashariki, walikesha wakigusa kioo cha simu katika mchezo wa Hamster Kombat uliokuwa ndani ya Telegram. Mchezo ulianza mwezi Machi, na wapo waliokusanya sarafu za mchezo kwa mamilioni. Tarehe 26 Septemba siku ya malipo ilifika. Wenye mchezo walitenga tokeni bilioni 60 kwa wachezaji wapatao milioni 131 waliotimiza masharti. Ukigawa, ni wastani wa tokeni 458 kwa kila mmoja, na siku hiyo tokeni moja ilikuwa na bei ya karibu senti moja ya dola. Jasho la miezi sita likawa kama shilingi 12,000 za Tanzania kwa bei ya dola ya wakati ule. Hizo ni shilingi zisizofika 70 kwa siku.

Kabla ya hapo ulikuwapo mchezo wa Axie Infinity, uliotengenezwa na kampuni ya Sky Mavis ya Vietnam. Mwaka 2021 watu wengi wa Ufilipino waliufanya kazi ya kuwalisha. Mwezi Julai mwaka huo tokeni waliyolipwa ilifikia karibu senti 40 za dola. Mwaka 2022 ulipokwisha, ilikuwa chini ya nusu ya senti. Wachezaji hawakuwa wamepunguza bidii. Tokeni zilikuwa zikitolewa kwa wingi, na watu wapya wa kuzinunua walipungua.

Hata huko kwenye sheria kali mambo si shwari. Januari 2021 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilitangaza mapatano na kampuni ya Tapjoy. Kampuni hiyo ilikuwa ikilaumiwa kwamba watu walitimiza kazi walizopewa, wengine wakitoa hata fedha zao, kisha zawadi walizoahidiwa katika michezo hawakuzipata. Malalamiko yalikuwa ya mamia ya maelfu.

Hatuna ugomvi na anayecheza kwa kujiburudisha, akipata vocha mwishoni ikawa ni nyongeza. Tunachosema ni kwamba anayeacha masomo, biashara au usingizi kwa ajili ya pointi anapaswa kwanza kuchukua kalamu na karatasi. Agawe thamani ya zawadi kwa idadi ya pointi, apate bei ya pointi moja. Azidishe kwa pointi anazopata kwa saa, kisha aondoe bando. Asome masharti, aone kama pointi zinakufa zikikaa, na kama njia ya malipo inafika nchini kwake. Akifikia kima cha chini, azitoe mara moja, asizilimbikize. Na programu yoyote inayomtaka atoe fedha zake kwanza ndipo alipwe, aikimbie.

Mwuza karanga hupima kwa kikombe ambacho mnunuzi anakiona. Katika biashara hii ya pointi, kipimo kinakaa kwa mwenye programu, naye anaweza kukibadilisha usiku wakati wewe umelala. Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, usihesabu pointi kama fedha mpaka fedha zenyewe ziwe mkononi mwako.