Kabla ya kutia saini, mlete mtu aigonge nyumba

Mtu akinunua gari la mtumba hapa Mombasa halipi mpaka fundi wake afungue boneti, asikilize injini na alale chini kuitazama chesisi. Mtu huyo huyo akienda kununua nyumba ya mamilioni huingia sebuleni, hufungua mfereji wa jikoni kuona kama maji yanatoka, huuliza msikiti uko umbali gani, kisha huyo kwa wakili. Nimefanya kazi za ujenzi hapa Pwani kwa muda mrefu na bado jambo hili hunishangaza.

Wakili hakagui nyumba, hukagua karatasi. Atapekua hati kwenye ofisi ya ardhi, aangalie kama kuna rehani, kama kodi ya kaunti imelipwa, na kama anayeuza ndiye mwenye mali. Kazi hiyo ni ya lazima, hasa kwetu tulio na mtindo wa nyumba bila ardhi, ambapo kuta ni zako na kiwanja ni cha mwingine unayemlipa kodi ya ardhi kila mwezi. Lakini hati safi haikuambii chochote kuhusu nguzo. Na wengi hudhani benki ikikubali kutoa mkopo basi nyumba ni nzima. Mthamini wa benki huja kukadiria nyumba itauzika kwa kiasi gani mkopo ukishindikana. Hakuja kukutafutia mahali panapovuja.

Ukaguzi ni kazi nyingine. Marekani baadhi ya majimbo, Texas likiwamo, hutoa leseni maalumu kwa mkaguzi wa nyumba. Hapa Kenya kazi hii huangukia kwa mhandisi wa majengo aliyesajiliwa na Engineers Board of Kenya, au kwa mtaalamu wa majengo aliye mwanachama wa Institution of Surveyors of Kenya. Muombe namba yake ya usajili uithibitishe. Muhimu kuliko yote, umtafute na umlipe wewe mwenyewe. Mkaguzi aliyeletwa na dalali ana haja na dalali, na dalali hapati kitu biashara ikivunjika.

Sasa tuje kwenye chumvi, maana ndiyo inayozila nyumba zetu. Zege lina vyuma ndani yake, na zege zuri huvilinda vyuma hivyo visishike kutu. Chumvi ikipenya, ulinzi ule huvunjika. Huweza kuingia kwa upepo wa bahari, lakini mara nyingine huwamo tangu siku ya kwanza, kwa sababu zege lilichanganywa kwa maji ya kisima cha chumvi au kwa mchanga wa baharini usiooshwa. Chuma kikishika kutu hufura, kikachukua nafasi kubwa kuliko ya mwanzo, na kikilisukuma zege kutoka ndani huzaa ufa unaofuata mstari wa chuma chenyewe. Baadaye doa la rangi ya kahawia hutokeza, kisha kipande cha zege huanguka na chuma huonekana wazi kimeliwa.

Ndiyo maana mkaguzi hutembea na nyundo ndogo. Akigonga zege zima husikia sauti kavu. Akigonga lililoachana na chuma husikia mvumo kama wa mtungi mtupu. Huyatazama zaidi maeneo ambayo mnunuzi hayaangalii: chini ya roshani, chini ya ngazi, chini ya tangi la maji lililo paani, na nguzo za orofa ya chini pale zinapokutana na ardhi. Akishuku, anaweza kupendekeza zege litobolewe, sampuli ipelekwe maabara kupimwa nguvu na kiasi cha chumvi. Ni gharama, lakini kwa jengo la ghorofa nne ni afadhali uilipe. Kenya tumeshaona majengo yakianguka na watu ndani. Lile la Huruma, Nairobi, lililoporomoka usiku wa mvua mwezi wa Aprili 2016, liliua watu takriban 50.

Ufa nao si wote wa kuogopwa. Nyufa nyembamba kama unywele kwenye lipu, zilizotapakaa kama utando, aghalabu ni lipu iliyokauka haraka kwa jua letu. Wa kutisha ni ule unaopanda kama ngazi ukifuata viungo vya mawe, ule mpana upande mmoja na mwembamba upande wa pili, na ule unaoanzia pembe ya mlango ukakimbilia darini. Huo hukwambia kwamba msingi unatitia upande mmoja. Rangi mbichi kwenye ukuta mmoja tu, hali kuta nyingine ni za zamani, ni swali la kumuuliza muuzaji.

Nyumba kongwe za mawe, kama za Mji wa Kale hapa Mombasa na za Lamu, zina hesabu yake. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zimezoea kupumua: hunywa unyevu na kuutoa. Aliyekarabati kwa lipu ya simiti ameziba pumzi hiyo, na unyevu uliokwama ndani hutafuta njia nyingine, ukapanda juu na kulegeza chokaa iliyoshika mawe. Utauona unga mweupe ukutani na lipu inayobanduka kila mwaka hata ipakwe rangi mara ngapi. Boriti za dari lazima zichokolewe kwa bisibisi pale zinapoingia ukutani, kwani mchwa na uozo huanzia hapo huku katikati ya chumba boriti ikionekana safi kabisa. Pia ujue kwamba nyumba za maeneo haya ya urithi huwezi kuzibomoa au kuzibadilisha sura utakavyo bila idhini. Ukinunua ukiwa na ndoto ya kuongeza ghorofa, uliza kwanza.

Maji na choo nitayapitia kwa haraka. Sehemu nyingi hazina bomba la majitaka, kwa hiyo kuna shimo. Liko wapi, lilijengewa au ni mwamba mtupu, na kisima kiko mbali nalo kiasi gani? Mwamba wetu una matundu, na kinachoingia shimoni hupata njia ya kufika kisimani, hata cha jirani. Peleka maji maabara. Kwa stima, hakikisha waya wa ardhini upo na kwamba deni la mita limelipwa. Paani, mabati ya karibu na bahari huoza kwanza kwenye misumari. Na ukiweza, irudie nyumba wakati wa masika, mwezi wa Aprili au Mei, mvua ikiwa inanyesha. Siku moja ya mvua hufichua mengi kuliko ziara kumi za kaskazi.

Kwa nyumba mpya za ghorofa ongeza karatasi mbili: ramani iliyoidhinishwa na kaunti, na cheti cha kuruhusu jengo likaliwe. Ramani ikisema ghorofa tatu na wewe unauziwa ya tano, mkaguzi hana haja ya nyundo.

Kinachowazuia wengi, kwa ninavyoona, si gharama bali ni haya. Muuzaji ni ami yake, au ni jirani aliyesoma naye chuoni, na kumleta mtu aje kugongagonga kuta kunaonekana kama kumwambia mwenzio kwamba humuamini. Mimi nalitazama kinyume. Mafunzo yetu ya biashara yanamkataza muuzaji kuficha aibu ya anachokiuza, na wanazuoni wa fikihi wana mlango mzima kuhusu haki ya mnunuzi kurudisha mali yenye aibu iliyofichwa. Tena muuzaji muungwana huenda mwenyewe hajui hali ya msingi wake. Ripoti humwondolea hata yeye lawama ya baadaye, na undugu hubaki salama.

Wenye hatari zaidi ni vijana wetu walioko Dubai, Doha na Muscat, wanaonunua kwa video ya simu. Kamera haisikii mvumo wa zege. Walio huko wadai ripoti iliyoandikwa, yenye picha za kila kasoro na makadirio ya matengenezo, itumwe kwao moja kwa moja na si kupitia kwa dalali. Makadirio hayo ndiyo ya kushushia bei.

Yote haya yafanyike kabla ya kutia saini na kabla ya kutoa malipo ya awali, ambayo kwa kawaida ni asilimia 10 ya bei. Mikataba mingi ya mauziano huwa na kifungu kinachosema mnunuzi ameikagua mali na ameikubali kama ilivyo. Mwombe wakili wako akuonyeshe kifungu hicho, na kama ukaguzi haujafanyika, kiondolewe au saini ingoje.