Mbwa na kuku katika ua mmoja

Katika miji yetu si ajabu kukuta nyumba moja ina mbwa wa kulinda na kuku kumi au ishirini wa kuongeza kipato. Mbwa anafugwa kwa hofu ya wezi. Kuku wanafugwa kwa sababu mshahara peke yake hautoshi. Kisha asubuhi moja mama wa nyumba anafungua mlango na kukuta manyoya yametapakaa uani, na kuku watatu wamelala chini, wamekufa, wala hawakuliwa. Fedha za daftari na sare za watoto zimepotea. Mbwa anachapwa na kufungwa mnyororo. Kama kuku walikuwa wa jirani, huenda akatiliwa sumu, na majirani wasisalimiane tena.

Ndugu msikilizaji, kabla ya kumhukumu mbwa yafaa tumwelewe. Wengi hudhani kwamba mbwa anayeua kuku ana njaa. Sivyo, hata mbwa aliyeshiba huua. Asili yake ni mnyama wa kuwinda, anayekodoa macho, kunyemelea, kukimbiza na kukamata. Kuku anapopiga mbawa na kukimbia huku akilia, asili hiyo huamka. Kwa mbwa huo ni mchezo. Kwa kuku ni kifo.

Ndiyo maana kipigo hakisaidii. Mbwa anayechapwa saa nzima baada ya tendo hajui anachapwa kwa kosa gani. Anachojifunza ni kumwogopa mwenye fimbo. Kumfunga kuku aliyekufa shingoni nako ni kumtesa bure, na ni kuleta uchafu nyumbani.

Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto wa mbwa wa miezi miwili au mitatu huzoea viumbe wengine kwa urahisi kuliko mbwa mzima, ingawa mbwa mzima naye hufundishika. Kuku wawekwe ndani ya tenga au banda la wavu. Mbwa afungwe kamba ya mita 2 hivi, asimame umbali wa hatua kumi. Mwite jina. Akiacha kuwatazama kuku na kukugeukia wewe, mpe papo hapo dagaa au kipande kidogo cha nyama. Akivuta kamba na kukataa kusikia, usimgombeze. Mrudishe nyuma hatua chache, uanze tena. Neno la kumkataza liwe moja, tuseme "acha", na watu wote wa nyumbani walitumie hilo hilo.

Dakika 5 au 10 asubuhi na jioni zinatosha. Sogea karibu kidogo kidogo, kadiri anavyotulia. Akishatulia karibu kabisa na tenga, kuku wafunguliwe watembee, lakini kamba ibaki mkononi mwako. Kazi hii huchukua wiki nyingi, pengine miezi. Tena mtembeze kwanza, kwani mbwa aliyefungiwa kutwa hutoka na nguvu zote, na hapo ndipo kuku huangamia.

Nyumba nyingi hufungia mbwa mchana na kumwachia usiku, kuku wakiwa wamelala. Utaratibu huo ni mzuri, lakini hutegemea komeo la banda na mtu wa kuhesabu kuku jioni. Kuku mmoja aliyechelewa kuingia anatosha kuharibu mafunzo ya mwezi mzima.

Tusidanganyane: hata mbwa aliyefuzu asiachwe peke yake na vifaranga. Mbwa wawili wakiwa pamoja huchocheana, na yule mpole hufuata mkorofi. Mbwa aliyekwisha kuua mara kadhaa asiaminiwe kwa mafunzo tu. Kati yake na kuku pawe na wavu imara siku zote.

Na kama mbwa wako ametoka nje akaua kuku wa jirani, usisubiri kushtakiwa kwa mjumbe. Nenda mwenyewe, omba radhi, lipa, kisha urudi kuziba tundu la ua. Mbwa hajui mpaka wa kiwanja chako unaishia wapi. Wewe mwenye mbwa unajua.