Je, Mkristo Mwema Ni Raia Mbaya?

(Haya ni maelezo yaliyosomwa redioni juma hili katika kipindi chetu cha kawaida.)



Nimepokea barua ya kijana mmoja wa hapa Nairobi. Anasema kwamba tangu Juni 2024 yeye na baba yake hawazungumzi ila kwa salamu. Baba ni mzee wa kanisa. Tarehe 25 mwezi huo kijana alikuwa miongoni mwa maelfu waliojitokeza barabarani kupinga Muswada wa Fedha. Siku hiyo waandamanaji waliingia katika majengo ya Bunge, na watu wakauawa kwa risasi. Kesho yake Rais alitangaza kwamba hatautia sahihi muswada huo. Kijana aliporudi nyumbani macho yakimwasha kwa gesi ya kutoa machozi, baba yake alifungua Biblia penye Warumi 13, akamsomea, kisha akamwambia kwamba anayeipinga serikali anampinga Mungu. Sasa kijana ananiuliza: ili niwe Mkristo mwema, ni lazima ninyamaze? Na nikisema, je, nimeacha kuwa raia mwema?

Swali hili si jipya. Limewagharimu watu damu katika Afrika Mashariki, na halifai kujibiwa kwa haraka.

Tuanze na hiyo Warumi 13, kwa maana baba hakuitunga. Ni kweli Mtume Paulo anawaagiza Wakristo wa Roma watii mamlaka, walipe kodi na wampe heshima anayestahili heshima. Lakini tusome sura nzima. Paulo anamwita mtawala mtumishi wa Mungu kwa faida ya watu. Mtumishi ana kazi aliyopewa, na anaweza kuulizwa kama ameifanya. Tena tumtazame Paulo mwenyewe. Katika Matendo ya Mitume sura ya 16 alipigwa na kufungwa huko Filipi bila kuhukumiwa. Asubuhi wakubwa wa mji walipotaka aondoke kimyakimya, alikataa. Alisema yeye ni raia wa Roma, na waliomfunga waje wenyewe wamtoe. Basi huyu aliyeandika juu ya utii ndiye huyu aliyedai haki yake ya uraia mbele ya watu. Hakuona kwamba mambo hayo mawili yanapingana.

Sasa natoka katika maandiko, nakwenda kwa jirani zetu wa Uganda.

Janani Luwum alizaliwa mwaka 1922 huko Mucwini, katika nchi ya Waacholi. Alikuwa mwalimu wa shule, akaokoka mwaka 1948, akawa kasisi, kisha askofu. Mwaka 1974 alichaguliwa kuwa Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana la Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire. Wakati huo Idi Amin alikuwa ametawala tangu mapinduzi ya Januari 1971, na watu walikuwa wakikamatwa wasionekane tena.

Luwum hakuanza kwa kupiga kelele. Alihudhuria shughuli za serikali, na baadhi ya watu walimlaumu kwamba yuko karibu mno na wakubwa. Lakini ukaribu huo aliutumia kuulizia habari za watu waliotoweka. Alikwenda ofisini kwa wakubwa kuwatetea waliokamatwa, akiwa raia na mchungaji kwa pamoja.

Usiku wa kuamkia tarehe 5 Februari 1977 askari waliingia nyumbani kwake wakitafuta silaha. Hawakuzipata. Siku chache baadaye yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Amin barua. Hawakuiandika kwa majina ya bandia. Waliitia sahihi. Walilalamikia mauaji na upekuzi ule, wakasema kwamba bunduki iliyokusudiwa kuilinda nchi imegeuzwa kuelekea wananchi. Ndugu msikilizaji, hebu ipime hoja hiyo. Maaskofu hawakusema, tunaichukia Uganda. Walisema kwamba Uganda inaharibiwa na wale waliokabidhiwa kuilinda.

Tarehe 16 Februari maaskofu waliitwa Kampala. Askari walikusanywa, silaha zikaanikwa, na Luwum akatuhumiwa kupanga njama pamoja na Milton Obote, aliyekuwa uhamishoni Tanzania. Siku hiyohiyo Luwum aliuawa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Serikali ilitangaza kwamba wamekufa katika ajali ya gari. Waliouona mwili wa askofu huko Mucwini waliona matundu ya risasi. Mjini Kampala kaburi lilikuwa limechimbwa Namirembe, lakini mwili haukuletwa, na waumini wakakusanyika kwenye kaburi tupu wakiimba.

Mwenzake, Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, alitoroka kwa miguu kupitia milimani hadi Rwanda. Huko uhamishoni alitoa kitabu ambacho jina lake liliwashangaza wengi, kwani alisema humo kwamba anampenda Idi Amin. Hakuwa akiusifu utawala wake. Alikuwa akikataa chuki isimtawale.

Aliyehukumiwa kuwa msaliti mwaka 1977 anakumbukwa leo na taifa lake. Tangu mwaka 2015 tarehe 16 Februari ni sikukuu ya kitaifa nchini Uganda. Amin naye aliangushwa Aprili 1979. Ni yupi kati ya hao wawili aliyeipenda Uganda?

Nisiwe mtu wa kusifu ushujaa wa wengine huku nikificha woga wangu. Mwaka 1988 tulichagua wagombea wa KANU kwa mlolongo. Ulisimama nyuma ya mgombea wako au picha yake, kila mtu akikuona. Aliyepata asilimia 70 alihesabiwa amepita bila kupingwa. Nilikuwa mwalimu, na nilikuwa mzee wa kanisa. Pale nilipopigia kura, mlolongo mrefu ulishindwa na mlolongo mfupi. Niliuona kwa macho yangu. Jumapili iliyofuata niliongoza maombi, nikamshukuru Mungu kwa uchaguzi wa amani. Watu waliitikia "Amina" kwa sauti ndogo, wakitazama chini. Wakati huo wako maaskofu waliokuwa wakiupinga mlolongo hadharani, akina Alexander Muge, Henry Okullu na David Gitari. Mimi nilijiambia kwamba ninatii Warumi 13. Ukweli ni kwamba niliogopa kupoteza kazi.

Kutokana na hayo nimejifunza mambo matatu.

Kwanza, utii ni wajibu wa kila siku. Kodi, sheria za barabarani, heshima kwa chifu na kwa polisi, kuwaombea viongozi, hayo yote Mkristo ayatimize bila kunung'unika. Asiyetii katika madogo hana uzito anapokataa katika makubwa.

Pili, utii una mpaka. Ukiagizwa kusema uongo, kudhulumu au kumwaga damu isiyo na hatia, hapo mitume walikwisha jibu mbele ya Baraza: Mungu kwanza. Kumwambia mtawala kwamba amekosa si uasi. Mficha maradhi kifo humuumbua, na nchi nayo ni hivyo.

Tatu, namna ya kukataa ina maana. Luwum alitia sahihi jina lake, akaenda alikoitwa, akakubali gharama. Anayechoma duka la mtu maskini kisha akajificha katika umati hawezi kudai kwamba anafuata nyayo hizo.

Nalo Kanisa lijichunguze. Novemba 2024 Askofu Mkuu Katoliki wa Nairobi alikataa fedha ambazo Rais alitoa kwa parokia moja ya jijini. Wengine walisema ni utovu wa adabu. Lakini anayekula mkononi mwa mtu atamkemea kwa kinywa gani?

Basi kijana wangu, rudi kwa baba yako. Usiende na hoja, nenda na heshima. Mwombe mwisome Warumi 13 pamoja hadi mwisho, kisha msome Matendo 16. Nawe mzee mwenzangu, kabla ya kumwita mwanao mwasi, jiulize kama nilivyochelewa kujiuliza mimi: mwaka ule wa mlolongo, ulinyamaza kwa sababu ya imani, au kwa sababu ya woga?

Hadi juma lijalo, kwaherini.