Bad Gastein: Theluji ya kubahatisha, maji moto ya uhakika

MTU anayepanga likizo ya kuteleza kwenye theluji katika milima ya Alps kwa kawaida huanza na picha za hoteli. Angefanya vyema kuanza na ramani inayoonyesha vimo vya milima, kwa sababu fedha zake ziko hatarini huko zaidi ya kwingine. Theluji siku hizi ni ya kubahatisha. Wiki moja ya Desemba inaweza kumkuta mgeni amekwisha kulipia kila kitu, huku mteremko ulio mbele ya dirisha lake ukiwa majani na matope, na katikati yake ukanda mmoja mweupe wa theluji iliyotengenezwa kwa mashine.

Mji wa Bad Gastein, katika jimbo la Salzburg nchini Austria, ni mfano mzuri wa namna ya kupanga safari hiyo bila kuweka mayai yote katika kapu moja. Mji wenyewe uko takriban meta 1,000 juu ya usawa wa bahari. Una miteremko inayoanzia kwenye kimo cha zaidi ya meta 2,600, na una chemchemi za maji moto ambazo hazijali kama mwaka huu theluji imeanguka au haikuanguka.

Maji ndiyo yaliyotangulia kuupa mji jina. Ni mvua na theluji ya kale iliyozama ndani ya milima, ikapashwa moto na kina cha ardhi, kisha ikarudi juu baada ya miaka mingi mno. Chemchemi hizo hutoa takriban lita milioni 5 kwa siku, nyingine zikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 40. Mtu wa Kitagata, magharibi mwa Uganda, ambako watu wamekuwa wakikaa katika maji moto kutafuta nafuu ya viungo, asingehitaji kuelezwa kwa nini wazee wa Ulaya walisafiri siku kadhaa kwa farasi kufika huko.

Waliofika hawakuwa wazee tu. Wilhelm I, mfalme wa Prussia na baadaye kaizari wa Ujerumani, alikuwa mgeni wa mara kwa mara, na waziri wake mkuu Bismarck alikwenda naye. Tarehe 14 Agosti 1865, Prussia na Austria zilitia saini hapo Mkataba wa Gastein wa kugawana usimamizi wa Schleswig na Holstein. Mkataba haukudumu, mwaka uliofuata nchi hizo mbili zilipigana vita. Reli ilifika mjini mwaka 1905, na kwa kuwa bonde ni jembamba, hoteli zilijengwa kwenda juu, zikabandikwa kwenye majabali pande zote mbili za maporomoko ya maji yanayopita katikati ya mji. Mgeni anayeyaona kwa mara ya kwanza hudhani ameingia jiji kubwa lililopotea njia likaishia mlimani.

Mchezo wa skii, yaani kuteleza juu ya theluji kwa mbao mbili nyembamba zilizofungwa miguuni, ulikuja baadaye. Mwaka 1958 Bad Gastein iliandaa mashindano ya dunia ya mchezo huo kwenye mlima Graukogel, na Toni Sailer wa Austria akatwaa medali tatu za dhahabu. Miongo iliyofuata haikuwa mizuri kwa kitovu cha mji. Hoteli kubwa za zamani zilifungwa, madirisha yakavunjika, na majengo yakaachwa yaoze hadi serikali ya jimbo ilipoyanunua mwaka 2017 na kuyauza kwa mwekezaji mwingine. Hoteli ya Straubinger, ambamo mkataba ule wa 1865 ulitiwa saini, ilifunguliwa tena mwaka 2023.

Anayepanga safari anahitaji kuijua historia hiyo kwa sababu moja ya vitendo: mji umejengwa kwenye mwinuko mkali. Kituo cha reli kiko juu; kitovu cha zamani na maporomoko ya maji viko chini. Gari la waya la kupanda mlima Stubnerkogel linaanzia karibu na kituo cha reli, na hapo karibu ndipo yalipo pia mabafu ya Felsentherme yaliyochongwa kwenye mwamba. Mwenye watoto au mwenye magoti mabovu apange chumba upande wa juu. Kubeba mbao za skii, fimbo na mtoto anayelia kwenye ngazi zenye barafu ni kazi inayomaliza furaha ya siku kabla haijaanza. Asiyetaka kupanda ngazi kabisa ana chaguo jingine: Bad Hofgastein, mji jirani ulio chini kidogo, kwenye sehemu pana na tambarare ya bonde hilohilo, wenye mabafu yake makubwa ya Alpentherme.

Milima ya bonde hilo haifanani. Stubnerkogel inafikia meta 2,246 na ina daraja la kuning'inia lenye urefu wa meta 140, ambalo hata asiyeteleza anaweza kulivuka. Kupitia bonde dogo la Angertal, lenye viwanja vya wanaoanza, Stubnerkogel inaungana na Schlossalm iliyo juu ya Bad Hofgastein. Sportgastein iko peke yake mwishoni mwa bonde na hufikiwa kwa basi. Huko miteremko inaanzia takriban meta 1,600 na gari la waya hufika karibu meta 2,650. Theluji hukaa hapo hadi Aprili katika miaka ambayo miteremko ya chini imekwisha kuwa malisho ya ng'ombe. Lakini hakuna miti ya kuzuia upepo, na siku upepo unapokuwa mkali magari ya waya husimamishwa.

Ongezeko la joto ndilo lililokifanya kimo kuwa swali la kwanza. Tangu mwishoni mwa karne ya 19, joto katika Alps limepanda kwa takriban nyuzi 2, kasi iliyo karibu mara mbili ya wastani wa dunia. Mashine za kutengeneza theluji husaidia, lakini nazo zinahitaji baridi. Hewa isiposhuka chini ya kiwango cha kuganda au karibu yake, maji yanayorushwa hubaki maji. Wasomaji wa ukanda huu hawahitaji kusafiri ili kuliona jambo hilo. Barafu ya Kilimanjaro imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu mwaka 1912, na ile ya Rwenzori, kwenye mpaka wa Uganda na Kongo, imebaki vipande. Mmoja wa wazungu wawili waliofika kilele cha Kibo mwaka 1889, Ludwig Purtscheller, alikuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo katika mji wa Salzburg, mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa treni kutoka Bad Gastein. Barafu aliyolazimika kuikata ngazi kwa shoka ili apite, wapandaji wa leo wengi huitazama kwa mbali tu.

Wiki ya kusafiri ina uzito sawa na kimo. Krismasi na mwaka mpya ni ghali, na theluji ya chini haina uhakika. Februari theluji kwa kawaida ni nzuri, ila shule za Austria na Ujerumani hufungwa kwa zamu, hivyo bei hupanda na foleni hurefuka. Nafasi iliyo bora kwa mfuko wa kawaida ni wiki zinazofuata tarehe 6 Januari, sikukuu zinapokwisha na hoteli zinapokuwa na vyumba vitupu. Baridi wakati huo ni kali na siku ni fupi. Anayetaka jua achague nusu ya kwanza ya Machi na atarajie theluji ngumu asubuhi na rojo mchana.

Kwa msafiri wa Afrika Mashariki ratiba yote inategemea viza. Austria ni mwanachama wa Schengen, na maombi huwasilishwa kwa nchi ambayo mtu atalala usiku mwingi zaidi, si lazima ile anayotua kwanza. Maombi yanaweza kupelekwa hadi miezi 6 kabla ya safari na yasichelewe kuliko siku 15; kuyapeleka wiki tatu kabla ni kujitafutia presha. Ada kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, na hairudishwi mtu akinyimwa. Kwa hiyo chumba kinachoweza kufutwa bila faini, hata kama ni ghali kidogo, ni akiba. Wengi hulipia hoteli yote mapema kwa kuvutwa na punguzo, kisha jibu la ubalozi linakuja baya na punguzo linageuka hasara.

Viza hiyo hudai bima ya matibabu ya angalau yuro 30,000. Wengi hukomea hapo, na hapo ndipo penye mtego. Bima nyingi za kawaida za safari haziwahusu walioumia wakiteleza mpaka michezo ya baridi iwe imetajwa ndani yake. Aliyevunjika mguu mlimani Austria anaweza kushushwa kwa helikopta, na bili ya helikopta ni ya maelfu ya yuro na huletwa kwa mgonjwa. Kabla ya kulipa, mkate bima aulizwe swali moja kwa maandishi: je, uokoaji wa mlimani umo?

Gharama nyingine inayowashangaza wageni ni tiketi ya milima. Bonde la Gastein limo katika muungano wa Ski amadé, wenye takriban kilomita 760 za miteremko chini ya tiketi moja, na tiketi hiyo kwa mtu mzima inazidi yuro 70 kwa siku katika msimu wa juu. Ni halali kwa mtu anayeweza kuzunguka milima yote. Kwa anayeanza ni fedha za bure, maana siku mbili za kwanza ataanguka na kuinuka katika eneo lisilozidi uwanja wa mpira. Aanze kwa kuuliza shule ya skii ni tiketi ipi inayotosha kwa wanafunzi, kisha aongeze akishaweza.

Wala asinunue vifaa. Mbao, fimbo, buti na kofia ngumu hukodishwa hapohapo mjini. Cha kununua ni glavu zisizopitisha maji, miwani ya theluji, nguo za ndani zisizo za pamba, kwa kuwa pamba ikilowa jasho huganda mwilini, na mafuta ya jua. Ngozi nyeusi nayo huungua pale jua linapopiga kutoka juu na kutoka kwenye theluji chini. Buti zibane kisigino, na soksi iwe moja tu tena nyembamba. Anayevaa mbili kwa hofu ya baridi huishia na malengelenge kabla ya chakula cha mchana.

Kujifunza kunawezekana hata kwa aliyezaliwa karibu na bahari. Sabrina Simader, aliyezaliwa Kilifi na kuhamia Austria akiwa mtoto, aliiwakilisha Kenya katika skii kwenye Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ya mwaka 2018 huko Pyeongchang. Ni kweli alianza mdogo. Mtu wa miaka 40 atachukua siku tatu kushuka mteremko wa bluu, ambao ndio mwepesi. Mwekundu ni wa kati na mweusi ni wa mafundi. Sheria ya kukumbuka kuliko zote ni kwamba aliye mbele, yaani chini, ndiye mwenye haki ya njia.

Ndiyo maana siku ya nne inafaa kuwa ya maji. Misuli itakuwa imekaza, na mara nyingi ndiyo siku ambayo ukungu umeshuka. Hoteli nyingi zina bwawa lenye maji ya chemchemi, na mabafu ya umma huuza tiketi za saa kadhaa au za siku nzima. Ni vyema kuhakikisha kabla ya kulipia hoteli kwamba bafu linalotakiwa litakuwa wazi wiki hiyo, kwani hufungwa kwa matengenezo.

Kuna desturi moja ambayo vipeperushi huipitia haraka. Bwawani watu huvaa nguo za kuogelea, lakini katika sehemu ya sauna huvua zote, wanaume na wanawake pamoja, na mwenye nguo ndiye anayeonekana hana adabu. Familia zetu, hasa zile zinazosafiri na wakwe, zitashukuru kulijua hilo kabla ya kufungua mlango. Hakuna anayelazimishwa kuingia.

Karibu na kijiji cha Böckstein kuna tiba ya aina nyingine. Katika miaka ya 1940 wachimbaji walichimba handaki wakitafuta dhahabu. Dhahabu haikutosha, lakini waliokuwa na maumivu ya viungo walisema wanapata nafuu. Leo treni ndogo huwaingiza wagonjwa ndani ya mlima, ambako joto hufikia karibu nyuzi 41 na hewa ina gesi ya radoni. Gesi hiyo ina mionzi, na ni ileile ambayo wakaguzi wa nyumba huitafuta ili kuiondoa kwa kuwa huongeza hatari ya saratani ya mapafu. Wenye handaki husema kipimo ni kidogo na wagonjwa wa uti wa mgongo hurudi kila mwaka; madaktari wengine hawakubali. Kila anayeingia huonwa kwanza na daktari. Kwa mtu mzima wa afya aliyekuja kuteleza tu, bwawa la kawaida la hoteli linatosha, na jioni, maji yakitoa mvuke na theluji ikidondoka juu ya kichwa, hata yule aliyeanguka mchana kutwa hukaa humo mpaka vidole vinyauke.